Kilima, Mnara na Daftari

Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959 ili Dar es Salaam ipate maji. Mji wa Kisarawe, uliokaa juu ya vilima vya Pugu upande wa kusini-magharibi wa jiji, ulizungukwa na maji hayo miaka nenda miaka rudi bila kuyapata. Mto Ruvu unapita mkoa wa Pwani, mtambo uko mkoa wa Pwani, lakini mabomba makubwa yalielekea kwenye wateja wengi. Bomba la kutoka Kibamba kupanda hadi Kisarawe lilizinduliwa mwaka 2020.

Mawasiliano yamefuata njia hiyo hiyo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Serikali nayo ikaanza kutandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, kuelekea mikoani na mipaka ya nchi jirani. Barabara ya Morogoro ndiyo lango la bara, na Kibaha, makao makuu ya mkoa wa Pwani, iko kwenye barabara hiyo, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya jiji. Kwa hiyo faiba inapita. Muuza machungwa wa Maili Moja anakaa hatua chache tu kutoka kwenye njia kuu ya mawasiliano ya nchi, halafu ananunua bando la siku linalokwisha muda wake ukifika, atake asitake.

Mjini Kibaha mtandao wa simu si jambo la kutafuta. Minara ipo, na kampuni zinashindana. Ugumu unaanza mtu anapoiacha lami na kuingia vijijini, kwenye kata za Kisarawe zinazoshuka kusini kuelekea bonde la Rufiji, au upande wa Kibaha unaoishia kwenye mbuga za wafugaji. Kampuni hujenga mnara mahali ambapo wateja watalipa gharama ya mnara, na hakuna wa kuzilaumu kwa hilo, maana ndivyo biashara ilivyo. Bunge lililijua jambo hili zamani. Ndiyo maana mwaka 2006 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku ili minara ijengwe vijijini. Mei 2023 mfuko huo ulisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 nchini. Ni kazi kubwa na ya maana.

Hata hivyo mnara wa ruzuku ni mali ya kampuni. Bei inapangwa kwingine, na ukizimika siku tatu, mwenyekiti wa kijiji hana la kufanya ila kupiga simu huduma kwa wateja, akiwa amesafiri hadi penye mtandao. Sura hii inazungumzia njia ya tatu, ambayo si ya kampuni wala ya serikali: watu wa mji mdogo kuchanga, kununua intaneti kwa jumla, kujenga mtandao wao wenyewe na kuuendesha. Njia hii imejaribiwa Tanzania, Kenya, Afrika Kusini na Hispania, na Kibaha na Kisarawe zina karibu kila kitu kinachohitajika ili ifanikiwe. Lakini wengi wanaoifikiria huanza na swali la vifaa, na vifaa ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Ushahidi wa wepesi huo ulitoka Venezuela. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima kwa redio za waifai, aina ile ile inayokaa kwenye ruta za nyumbani, kwa umbali wa kilomita 382. Walibadilisha antena na kurekebisha programu ya redio, basi. Hawakutumia setilaiti, wala hawakuhitaji mnara wa mabilioni. Kilichowasaidia ni urefu wa milima na uwazi kati yake, kwa sababu antena za waifai zinataka kuonana.

Kati ya Kibaha na Kisarawe, kwa mstari ulionyooka, kuna kilomita 20 na ushee. Ukilinganisha na Venezuela, hiyo ni safari ya kwenda dukani, lakini ina masharti yake. Kwanza dunia ni mviringo: katikati ya kilomita 22 ardhi inainuka kiasi cha mita 9 na nusu juu ya mstari unaounganisha ncha mbili. Pili, wimbi la redio halisafiri kama uzi. Linatanuka katikati ya safari, na kwa masafa ya gigahezi 5.8 linahitaji nafasi ya mita 17 hivi kila upande, ambayo walau asilimia 60 iwe wazi kabisa. Fundi akijumlisha hayo, kisha akaongeza urefu wa mnazi au mwembe uliosimama njiani, anajua antena ikae juu kiasi gani. Hapo ndipo vilima vya Kisarawe vinapogeuka kuwa mali. Mji ule ule uliosumbuka kupandishiwa maji unaona mbali kuliko majirani zake, na nguzo fupi juu ya paa la Kisarawe inaweza kufanya kazi ambayo kule tambarare ingehitaji mnara mrefu.

Miti ndiyo adui wa kweli. Kisarawe ni wilaya ya mikorosho, minazi na miembe, na jani bichi lina maji, na maji yanameza mawimbi ya waifai. Kiungo kilichopimwa Januari, wakati wa kiangazi, kinaweza kulegea Aprili masika yakishanyesha na majani yakanenepa. Mafundi wazoefu hupima wakati wa mvua, au hupima wakati wa jua na kuacha akiba ya kutosha.

Kondoa, mkoani Dodoma, walilipita tatizo la aina hii kwa njia nyingine. Mtandao wa jamii wa pale ulianzishwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa tawi la Tanzania la Internet Society na Chuo Kikuu cha Dodoma, na ulitumia masafa ya televisheni yasiyo na kituo. Mawimbi hayo ni marefu. Yanapita kwenye majani na kuzunguka vilima kwa namna ambayo waifai haiwezi. Tanzania ilianza kuzima televisheni za analojia Desemba 2012, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, na hatua hiyo iliacha nafasi kubwa hewani. Kwa Kibaha, iliyo mlangoni mwa Dar es Salaam penye vituo vingi vya utangazaji, nafasi hizo ni chache kuliko Kondoa. Vijiji vya kusini mwa Kisarawe, vilivyo mbali na jiji, vina matumaini makubwa zaidi. Wa mjini atumie waifai, wa kijijini aombe masafa ya televisheni. Mtandao mmoja unaweza kubeba vyote viwili.

Baada ya redio huja umeme, na hapa mitandao mingi ya namna hii imefia. Kituo kidogo chenye redio tatu na ruta moja kinakula wati 30 hivi. Kwa siku nzima hizo ni saa-wati 720. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100 inabeba 1,200, lakini betri ya asidi ikitumiwa zaidi ya nusu kila siku haidumu muda mrefu. Kwa hiyo kituo kinachotegemea sola peke yake kinahitaji betri mbili, na paneli ya wati 200 ambayo kwa jua la Pwani itatoa saa-wati kama 900 siku ikiwa nzuri. Siku za mawingu zitakuja, na ndizo zinazopaswa kuongoza hesabu. Penye umeme wa TANESCO kazi ni nyepesi kidogo, lakini hapo lazima ijulikane LUKU ya kituo inalipwa na nani. Jambo hilo linaonekana dogo hadi siku tokeni zinapokwisha na kila mtu anadhani ni zamu ya mwenzake.

Usisahau radi. Nguzo ya chuma juu ya kilima cha Kisarawe mwezi wa Aprili inaita radi, na waya wa kutuliza umeme ardhini ni rahisi sana ukilinganisha na redio zote za kituo kuungua kwa dakika moja.

Sasa twende kwenye daftari, maana mtandao wa jamii unasimama au kuanguka kwa daftari. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mradi uliowakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm ulijenga mtandao katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara. Wazo lao lilikuwa la busara sana: nyaya za TANESCO za msongo mkubwa zilikuwa na faiba ndani yake ambayo shirika halikuitumia yote, basi mradi ukaitumia faiba hiyo kama njia kuu, kisha ukasambaza kwa redio hadi hospitali, vituo vya afya, shule na ofisi. Daktari kwenye kituo cha afya aliweza kushauriana na mwenzake wa hospitali ya wilaya bila mgonjwa kubebwa. Amos Nungu, ambaye baadaye aliongoza COSTECH, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 2011 juu ya mtandao huo wa Serengeti. Kichwa chake kinahusu soko endelevu. Mhandisi aliyejenga mtandao aliona swali gumu liko kwenye nani atalipa, kiasi gani, na kwa muda gani, baada ya wafadhili kuondoka.

Mfano mwepesi unatosha kuonyesha hesabu inavyokwenda. Tuseme kaya na maduka 200 ya mji yanajiunga, na mtandao unanunua kwa jumla megabiti 100 kwa sekunde. Ukigawa sawasawa, kila mmoja anapata nusu megabiti, na watu watanung'unika. Lakini hawatumii wote kwa wakati mmoja. Saa mbili usiku, wakati wa msongamano, tuseme mmoja kati ya watano yuko mtandaoni kwa nguvu. Hao ni 40, na kila mmoja ana megabiti mbili na nusu, zinazotosha video ya somo au simu ya picha na mtoto aliye chuo Mwanza. Kila mwanachama akichangia shilingi 10,000 kwa mwezi, mfuko unaingiza milioni mbili. Humo humo itoke bei ya megabiti, umeme, posho ya fundi, na sehemu ya kununua betri mpya baada ya miaka mitatu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mwaka wa kwanza inaonekana kama faida, na kamati inashawishika kuipunguza au kuitumia kwenye sherehe za uzinduzi. Mwaka wa tatu betri zinakufa zote pamoja.

Kule Mankosi, kijiji cha Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji walioanzisha Zenzeleni mwaka 2012 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Western Cape walipata jibu ambalo halikutoka chuoni. Vituo vyao vilikuwa na paneli za sola, na kijiji hakikuwa na umeme. Wakaanza kuchaji simu za watu kwa malipo. Fedha ya kuchaji ikawa mapato ya kwanza ya ushirika kabla intaneti haijawa kitu cha kuuzwa, na wasimamizi wakazoea kuandika na kutoa hesabu mbele ya watu kwa fedha ndogo kabla hazijawa kubwa. Huo ni mpangilio mzuri wa mambo, na kila kamati inayoanza ingefaa kuuiga.

Katalonia, Hispania, mtandao wa guifi.net ulianza mwaka 2004 vijijini Osona, mahali ambapo kampuni kubwa hazikutaka kufika, na miaka kumi na kitu baadaye ulikuwa na vituo zaidi ya 35,000. Uliwezekana kwa sababu wanachama walikubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba kila anayeunganisha kituo chake anaruhusu data za wengine kupita, na kwamba kampuni ndogo zinaweza kuuza huduma juu ya mtandao huo mradi zichangie matunzo yake. Mtandao ni wa wote. Biashara juu yake ni ya anayeweza.

Watu wa Pwani hawahitaji kwenda Katalonia kujifunza kuendesha mali ya pamoja. Wakulima wa korosho wa Kisarawe wanauza kupitia vyama vya msingi, AMCOS, na stakabadhi ghalani. Wameshaona chama kikiendeshwa vizuri na wameshaona kikiendeshwa vibaya, na wanajua tofauti inaanzia kwenye mkutano mkuu gani na kwa katibu wa namna gani. Sheria ya maji ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilitambua pia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii: watu wa kijiji wanachagua kamati, wanaajiri fundi na mhasibu, wanatoza kwa ndoo au kwa mita, wanatunza mfuko wa matengenezo. Ukibadilisha pampu kwa redio na mita kwa vocha, katiba ya chombo hicho inaweza kutumika kwa mtandao bila kuongeza kurasa nyingi. Wala si lazima watu wawe wapya. Mama aliyetunza hesabu za kikoba kwa miaka kumi bila shilingi kupotea ni mweka hazina bora kuliko kijana anayejua kompyuta lakini hajawahi kusimama mbele ya wanachama kueleza matumizi.

Kuna sheria, na haifai kuipuuza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa leseni kwa aina ya huduma na kwa eneo: kimataifa, kitaifa, mkoa au wilaya. Kibaha na Kisarawe ni wilaya tofauti za mkoa mmoja, kwa hiyo mtandao unaoziunganisha lazima uamue mapema kama utaomba kwa ngazi ya mkoa, utaanza na wilaya moja, au utaingia ubia na mtoa huduma mwenye leseni tayari. Redio zenyewe lazima ziwe za aina iliyoidhinishwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha ya wanachama yenye majina na namba za simu nayo si karatasi ya kuacha mezani. Kenya wamepiga hatua ambayo Tanzania ingefaa kuitazama kwa makini: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa mfumo wa leseni mahususi kwa mitandao ya jamii, ili kikundi cha kijiji kisipimwe kwa mizani ya kampuni ya simu. TCRA ina uzoefu wa Kondoa mkononi, na leseni ya aina hiyo ingerahisisha njia kwa miji mingi midogo.

Mtandao wa jamii una thamani nyingine inayoonekana siku mambo yanapoharibika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya kwa muda. Data nyingi zilizokuwa zikisafiri hadi Ulaya na kurudi zilikwama, hata pale mtumaji na mpokeaji walipokuwa mtaa mmoja. Mtandao wa Kibaha wenye seva yake ndani ya Kibaha ungebaki hai kwa mambo yake ya ndani. Seva hiyo inaweza kuwa kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Humo huingia Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, pamoja na masomo yaliyowekwa kwenye Kolibri, programu iliyotengenezwa kwa shule zisizo na intaneti ya uhakika. Kibera jijini Nairobi, mtandao wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana kwa namna hii, na mwanafunzi anasoma kutoka seva ya jirani bila kula hata megabaiti moja ya kununua. Kadiri watu wanavyopata vitu vya ndani vya kutosha, ndivyo megabiti 100 zile za jumla zinavyotosha watu wengi zaidi.

Kibaha ina mahali pa kuiweka seva hiyo. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianza kujenga hapo kituo ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Shirika hilo lilikusanya kwenye eneo moja shule ya sekondari, chuo cha maendeleo ya wananchi, maktaba na kituo cha afya kilichokua kuwa hospitali ya Tumbi. Mtandao wa jamii unahitaji mteja mmoja au wawili wakubwa, wanaolipa kwa uhakika kila mwezi na wanaotumia zaidi mchana, wakati kaya zinatumia zaidi usiku. Shule na hospitali ndio wateja hao. Kisarawe wanayo Minaki, shule kongwe iliyoanza kama chuo cha wamisionari, pamoja na ofisi za halmashauri na hospitali ya wilaya juu ya kilima. Ncha mbili za kiungo zimejipanga zenyewe.

Kinachobaki ni mafundi, na hapa chuo cha maendeleo ya wananchi kina kazi ya kufanya. Vyuo hivi vilianzishwa kufundisha watu wazima ufundi wa kuwafaa mahali wanapoishi: useremala, umeme, ushonaji. Kupanga antena, kuunga kebo, kupima betri na kusoma takwimu za ruta ni ufundi wa aina hiyo hiyo, unaojifunzika kwa miezi michache kwa mtu anayejua umeme wa nyumba. Kitabu cha kufundishia kipo tangu 2006, kiliandikwa na kundi la wahandisi kwa ajili ya nchi zinazoendelea na kinasambazwa bure mtandaoni, lakini hakijashika mizizi madarasani kwa Kiswahili, na kazi hiyo ya kutafsiri na kufundisha ingeweza kufanywa Kibaha. Wanafunzi kumi wa kwanza wasitoke mjini peke yake. Watatu watoke kata za mbali za Kisarawe na wawe na familia huko, kwa sababu kijana asiye na mizizi akishajua kazi hii atapata ajira Dar es Salaam kabla mwaka haujaisha. Na nusu yao wawe wanawake. Kituo kinachokaa kwenye zahanati au shule ya kijiji kinahitaji mtu anayeamkia hapo kila siku, na nesi au mwalimu wa kike aliyefundishwa kuwasha upya ruta na kuangalia taa ya betri atakuwa amemaliza nusu ya hitilafu zote kabla fundi hajafika kwa bodaboda.